Kikundi cha vijana kimekwama kwenye hela: bajeti ndo imewaangusha au namna wanavyochangisha?

#1 Mlezi Mgeni
Wakuu habari za humu. Naomba mawazo yenu maana kichwa kinauma.

Kuna kikundi cha vijana wako 23, wengi miaka 16 hadi 22, wanafanya maigizo na muziki. Nimeombwa niwe mlezi wao miezi mitatu iliyopita baada ya yule wa kwanza kuhama. Mpango wao ni kununua vyombo vya sauti (spika mbili, mikisa ya kuchanganyia sauti, maikrofoni nne) na kusafiri kwenda kwenye tamasha la siku tatu. Bajeti wameiandika wenyewe, nilipoletewa ni ukurasa mmoja wenye mistari sita: vyombo, usafiri, malazi, chakula, sare, mengineyo. Hiyo mengineyo peke yake ni asilimia 30 ya jumla yote. Nikauliza mengineyo ndo nini, mwenyekiti akaangalia chini, mweka hazina akaangalia dirishani.

Walishaanza kuchangisha kabla sijafika. Walituma meseji moja ileile kwa watu kama 200, ahadi zilizorudi ni kama asilimia 40 ya lengo na pesa iliyoingia mkononi haifiki asilimia 12. Zimebaki wiki tisa. Vijana wameanza kununiana, mahudhurio yanashuka, kikao cha juzi walikuja 11 tu.

Tatizo liko wapi hapa? Bajeti ni mbovu ndo maana watu hawatoi, au bajeti haina neno ila wanaomba vibaya? Wao wanataka tutume meseji tena, mi nahisi tukae kwanza na ile karatasi.

#2 Kiti cha Mbele
Ngoja waje wenye utaalamu, nimeshakaa.

#3 DadaHesabu
Mkuu Mlezi umefanya vizuri kuuliza kabla ya meseji ya pili.

Mengineyo asilimia 30 siyo bajeti, ni shimo. Dharura inatakiwa iwepo lakini wengi tunaiweka kati ya asilimia 5 na 10 ya jumla na inaandikwa kabisa kwa jina lake, dharura, na nani anaruhusu iguswe. Mistari mingine yote kila mmoja uwe na sehemu tatu: ni vingapi, kimoja bei gani, mara ngapi. Ukiandika tu "malazi" na tarakimu mbele yake hujaandika kitu maana hakuna anayeweza kukuuliza swali. Ukiandika watu 23 mara usiku 2 mara bei ya kitanda, hata mdogo wao kabisa ataona kama umekosea.

Afu tenganisha gharama ambazo hazibadiliki hata wakienda wachache (gari la kukodi, vyombo) na zile zinazopanda kwa kila kichwa (kulala, kula). Hili ni kubwa kwenu kwa sababu umesema waliokuja ni 11. Gari la watu 23 likibeba 11, kila mmoja anabeba mzigo mara mbili, na hiyo hesabu inatakiwa ijulikane leo, siyo siku ya safari.

Ushauri wangu chana hiyo karatasi muanzie sifuri, kila mstari ujitetee upya. Huu utaratibu siyo wangu, Peter Pyhrr aliutumia kwenye kampuni ya Texas Instruments mwishoni mwa miaka ya 60 na baadae rais Jimmy Carter akauingiza serikali kuu ya Marekani 1977. Kwa hiyo jibu langu ni bajeti.

#4 Mzee wa Kamati
Kwa heshima zote kwa DadaHesabu, mi nimekaa kwenye kamati za michango miaka na miaka na sijawahi kuona mtu amekataa kutoa kwa sababu mstari wa malazi haukufafanuliwa. Watu hawaisomi bajeti yenu. Kinachowapita kichwani wakiona meseji ni kimoja: hela ya mara ile ilienda wapi?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mlezi, nijibu hili ndo tuendelee. Hawa vijana walishawahi kuchangisha kabla? Na kama walichangisha, waliochangia walipewa taarifa?

#5 Kalamu Nyekundu
Wote wawili mna hoja ila mnapita pembeni ya jambo lenyewe, meseji moja kwa watu 200. Hilo ni tangazo, siyo ombi. Kuomba ni unamwangalia mtu machoni, unamwambia kiasi, afu unanyamaza umwache afikiri.

Wanaofanya kazi ya uchangishaji hawaanzi na umati. Wanachora ngazi. Juu kabisa mtu mmoja au wawili ambao kila mmoja anaweza kubeba kati ya asilimia 10 na 20 ya lengo, chini yao wachache wa kiasi cha kati, umati unakuja mwisho. Na kwa kila mchango unaoutegemea uwe na watu watatu au wanne wa kuwaendea kwa sababu wengine watasema hapana. Chora hiyo ngazi uone kama mna watu wa kuijaza, kama hawapo basi lengo lenu ni kubwa kuliko mtandao wenu na ni bora kujua mapema.

Umati nao una nguvu yake ukiutendea haki. 1886 kule New York sanamu ya Uhuru ilikwama kwa kukosa hela, Joseph Pulitzer akaomba kupitia gazeti lake na kila aliyetoa jina lake likachapishwa hata kama ametoa senti. Waliitikia zaidi ya watu 120,000, jumla ikavuka dola 100,000, na wengi wao walitoa chini ya dola moja. Jina lako kuonekana, ndo siri.

#6 Kiroboto77
Kalamu Nyekundu bila Marekani uzi haujakamilika kwako hahaha, karibu sana mkuu tulikumiss.

Ila jamani mbona hamuongelei pengo la ahadi na pesa? Asilimia 40 imeahidiwa, 12 imeingia. Hao watu walishasema NDIYO. Hawakukataa bajeti wala hawakuhoji meseji, walikubali afu hakuna aliyewafuata. Mi nikiahidi mchango leo afu nisikumbushwe nasahau kabisa, siyo roho mbaya, maisha tu. Chukueni orodha ya ahadi mgawane vijana, kila mmoja majina matano, apige simu siyo meseji, aulize tarehe. Ahadi bila tarehe msiihesabu kwenye bajeti hata kidogo. Kabla hamjachana karatasi wala kuchora ngazi.

#7 Mwl Takwimu
Naomba nimrekebishe kidogo ndugu Kalamu. Sanamu yenyewe haikuwa na shida, Wafaransa walishaichangia kwao na ilikuwa tayari. Kilichokwama ni msingi wa kuisimamishia, ambao ulikuwa jukumu la Wamarekani. Na kampeni ya gazeti ilikuwa 1885, 1886 ndo mwaka ilipozinduliwa. Nalitaja hili kwa sababu linamgusa Mlezi moja kwa moja: hela iliombwa kwa ajili ya kitu kimoja kinachoonekana, ule msingi. Kwa hawa vijana mtu anaombwa achangie vyombo, safari, sare na mengineyo kwa pamoja.

Na kwa DadaHesabu, ule utaratibu wa kuanzia sifuri serikali ya Marekani iliuacha 1981, moja ya malalamiko ikiwa ni wingi wa makaratasi. Kwa vijana wenye mistari sita hautawaumiza, ila isiwe kila mwezi.

#8 Kalamu Nyekundu
#7 nimekubali marekebisho, asante mwalimu. Msingi, siyo sanamu.

#9 Mama Kijana
Mimi naomba niseme kwa upande wa mzazi. Binti yangu alikuwa mweka hazina wa kikundi akiwa na miaka 17. Walikuwa na kasha la bati lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja yeye, mwingine kijana ambaye hawakuwa wanapatana hata kidogo, walichaguliwa hivyo makusudi ili wasije wakafungua kimyakimya. Kila wiki kila mwanakikundi anatumbukiza chake hata kama ni sarafu moja, anasaini. Kikundi kizima kiliujua ule mlio wa sarafu ikigonga bati, maana anayetumbukiza wanamshangilia kwa makofi.

Siku moja mtu mzima mmoja mwenye nia njema akasema hii siyo namna ya kutunza pesa, akalichukua kasha, akawaandikia bajeti nzuri iliyochapwa, akaandika na barua za wafadhili. Pesa zikapatikana kweli tena nyingi kuliko zamani. Ndani ya miezi minne kikundi kilikuwa na watu saba. Binti yangu akaniambia mama sasa hivi tukienda tunakaa tu tunasubiri kuambiwa.

Ndo maana nasikia baridi nikiona watu wazima humu tunasema chana hii, chora ile. Je wale vijana wenyewe wametoa kiasi gani mfukoni mwao? Hata kidogo sana? Maana mimi nikiombwa mchango na mtu ambaye mwenyewe hajatoa mkono wangu unakuwa mzito.

#10 Mlezi Mgeni
Nashukuru sana wote. Nimjibu Mzee wa Kamati kwanza.

Ndiyo, mwaka jana walichangisha kwa ajili ya sare na taarifa haikutolewa. Nimeulizia, hela zilikuwa zinaingia kwenye simu ya mlezi aliyetangulia kwa sababu kikundi hakina akaunti. Sare zilishonwa kweli, nimeziona, ila zilibaki hela na hakuna anayejua ngapi wala zilifanya nini. Simtuhumu mtu, hakuna rekodi tu. Na nusu ya wale watu 200 ndo haohao wa mwaka jana.

Mama Kijana, nimeuliza leo. Vijana wenyewe hawajatoa kitu. Mwenyekiti anasema walisubiri wapate za nje kwanza.

Mweka hazina wetu ni binti wa miaka 19, ameniletea daftari lake. Kurasa tatu zimejaa upande wa zilizoingia, majina kwa mwandiko mzuri kabisa. Upande wa zilizotoka ni mweupe. Nikamuuliza, akasema hakuwahi kuambiwa zilizotoka.

#11 Mzee wa Kamati
Hapo sasa. Huyo binti mmempa nusu ya kazi na jina lote.

Fungueni akaunti ya kikundi, wasaini watatu, wawili lazima wawepo ndo hela itoke, na hao wawili wasiwe wa nyumba moja. Anayepokea hela asiwe ndo anayeidhinisha matumizi, na anayeidhinisha asiwe ndo anayeandika daftari. Vitabu vya risiti vyenye namba, risiti ikiharibika isichanwe, ipigwe mstari ibaki kitabuni, maana namba ikiruka hapo ndo maneno yanapoanzia. Matumizi madogomadogo mpeni mtu kiasi maalum, akitaka kujaziwa alete risiti za kile kilichoisha.

Kabla ya kuomba hata senti, wapelekeeni wale wa mwaka jana ukurasa mmoja. Zimeingia hivi, zimetoka hivi, hapa hatujui na tunaomba radhi. Ikibidi muandike hilo la hatujui, liandikeni hivyohivyo.

#12 Fundi Spika
Samahani nimechelewa ila mbona hakuna aliyeuliza kwa nini wananunua vyombo?

Kazi yangu ni sauti. Tamasha la siku tatu kwa kawaida lina mitambo yake jukwaani, hampelekei spika zenu. Sasa wananunua za nini? Kama ni za mazoezi, mikisa ndogo na maikrofoni mbili nzuri zinatosha, spika wakodi wakiwa na onyesho. Na wakija kununua waangalie zenye amplifaya (kile kifaa cha kuipa sauti nguvu) ndani yake, maana ukinunua zisizo nayo utashangaa unarudi dukani kununua amplifaya na nyaya ambazo hazikuwepo kwenye bajeti, afu mnakuja kusema bajeti ilikosewa. Kifaa cha sauti hakiji peke yake, kina stendi, waya, begi la kubebea.

Kwangu mimi hiyo ni miradi miwili imefungwa kamba moja. Mwl Takwimu kwenye #7 ameligusa. Safari ina tarehe, vyombo havina tarehe.

#13 DadaHesabu
Fundi umenifungua macho, kwenye #3 nilikaa kwenye mistari sikuuliza kama lengo lenyewe ni sahihi.

Kwa kuwa safari ina tarehe, Mlezi tengeneza na kalenda ya hela, siyo jumla tu. Wiki tisa, kila wiki mstari: nini kinaingia, nini lazima kitoke. Gari linataka malipo ya awali wiki gani? Malazi je? Bajeti inaweza kukaa sawa kabisa kwenye jumla na bado mkakwama wiki ya nne kwa sababu hela inaingia wiki ya saba. Nimeona vikundi vikikopa kwa mtu kuziba hilo pengo na urafiki ukafia hapo.

Na wakitaka kufanya onyesho la kuchangisha (najua watataka, ni waigizaji) wapige hesabu ya kinachobaki, siyo kinachoingia. Chukulia ukumbi na tangazo ni 60, na kila tiketi ukitoa gharama yake inabakiza 2. Tiketi 30 za kwanza mnamfanyia kazi mwenye ukumbi, ya 31 ndo ya kwanza kuwa yenu. Tulifanya hivyo mwaka mmoja mimi nikiwa mhasibu wa kikundi cha kwaya, ukumbi ulijaa, watu walicheza, na katika kila 100 tuliyokusanya 70 ilirudi kulipa gharama. Nililia nyumbani kwa kweli, maana vijana walijua tumevuna.

#14 Nyota Njema
Mi ndo umri wao, nina miaka 20, na niko kwenye kikundi. Naomba niseme kitu ambacho watu wazima hamkijui. TUNAONA AIBU. Meseji ya watu 200 ilitumwa kwa sababu meseji haikuangalii usoni. Kalamu anasema umwangalie mtu machoni afu unyamaze, mimi nikinyamaza pale moyo unataka kutoka. Na mtu akikukatalia unajiona umekataliwa wewe siyo kikundi.

Sisi kilichotusaidia ni kufanya kazi. Tulipaka rangi ukuta, tulisafisha ua, tulihamisha mizigo ya watu, wanatulipa kikundi. Ukishafanya kazi ya mtu kuongea naye kunakuwa rahisi, na wawili walituongezea bila kuombwa. Pia tulikuwa tunaenda wawiliwawili, mmoja anaongea mwingine anaandika.

#15 Kiroboto77
Nyota umeongea la maana kuliko sisi wote na nyuzi zetu ndefu. Wawiliwawili, nimeipenda hiyo.

#16 Mwl Takwimu
Nyota, hiyo njia yenu ina historia. Maskauti wa Uingereza walianza wiki yao ya kufanya kazi ndogondogo za watu kwa malipo 1949, na kabla yao, 1917, kikosi kimoja cha maskauti wa kike kule Muskogee, Oklahoma, walioka biskuti wakauza kugharamia shughuli zao. Ule uuzaji wa biskuti unaendelea mpaka leo.

#17 Mzee wa Kamati
Kazi ni nzuri ila ihesabiwe na saa zake. Vijana 11 wakishinda siku nzima kwa kiasi ambacho mtu mmoja angetoa baada ya mazungumzo ya nusu saa, hapo Kalamu ana haki. Nawaza tu.

#18 Mama Kijana
Mzee siku hiyo nzima wako pamoja lakini. Hiyo hujaihesabu.

#19 Mlezi Mgeni
Wakuu nimerudi na taarifa ya kikao cha Jumamosi. Walikuja 16.

Sikuchana karatasi. Tulibandika manila ukutani, mweka hazina akashika kalamu ya wino mzito, mimi nikakaa nyuma kabisa nikasema leo siongei. Dakika arobaini za kwanza ziliishia kwenye rangi ya sare mpya, nusura ninyanyuke. Halafu kijana mmoja mpole, huwa haongei, akauliza kwani za mwaka jana zimechanika? Kimya. Mstari wa sare ukafutwa palepale.

Wakafungua mengineyo. Ndani yake mlikuwa na betri za maikrofoni, fotokopi, kisanduku cha huduma ya kwanza, wabebaji wa vyombo, na kilichobaki mwenyekiti akakiri kilikuwa "kama tutapungukiwa". Hawakuwa wanaficha kitu, waliogopa tu kukisema. Sasa kuna dharura asilimia 8 na kila kingine kina jina lake. Miradi imetenganishwa kama Fundi alivyosema, safari kwanza. Waliothibitisha kwenda ni 17 na kila mmoja ameanza kutoa chake, kiasi kidogo, kila Jumamosi, mbele ya wenzake.

Ahadi wamegawana majina, simu zimeanza, wanapiga wawiliwawili.

#20 Mwl Takwimu
Hizo dakika arobaini za sare usizionee aibu Mlezi. Mwandishi Mwingereza C. Northcote Parkinson alilieleza hili 1957: kamati inapitisha mtambo wa nyuklia kwa dakika chache afu inabishana muda mrefu juu ya banda la baiskeli, kwa sababu banda kila mtu analielewa.

#21 Kalamu Nyekundu
Hongereni sana. Ila ile taarifa ya mwaka jana ikitumwa, chini yake wekeni ombi jipya. Wiki zinaisha, mtu akiwa ameshika karatasi yenu mkononi ndo wakati wake.

#22 Mzee wa Kamati
Hapana Kalamu. Taarifa yenye ombi chini yake inasomeka kama ombi lenye utangulizi. Itumwe peke yake, ipite walau wiki moja.

#23 DadaHesabu
Wiki moja kati ya nane zilizobaki siyo ndogo Mzee. Mi niko katikati kwenye hili.

Mlezi swali moja. Zile hela zilizokwishaingia, waliotoa waliambiwa ni za vyombo na safari kwa pamoja. Kuna aliyeandika wazi kwamba yake ni ya vyombo? Maana hiyo hamwezi kuihamishia safari kimyakimya. Mpaka mwenyewe aruhusu, na ruhusa iandikwe.

#24 Mlezi Mgeni
Nimeenda kuangalia daftari. Wako sita walioandika "ya vyombo". Mmoja ni bibi yake mweka hazina, ndo jina la kwanza kabisa ukurasa wa kwanza. Binti anasema kesho anaenda kumuuliza mwenyewe, na amemchagua yule kijana mpole waende naye, yeye aongee, mwenzake aandike.

#25 Kiti cha Mbele
Bado nimekaa. Mtuambie bibi amesemaje.